Elizabeth Hazen: Yatima wa Mississippi aliyesaka dawa ya fangasi udongoni

Na Mwandishi Wetu

AKINA mama wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanaifahamu dawa ya maji yenye rangi ya manjano ambayo hudondoshwa kinywani mwa mtoto mchanga aliyeota utando mweupe ulimini. Wauguzi wanaohudumia wagonjwa wa Ukimwi nao wanaifahamu, kwa kuwa utando huohuo huwapata watu wazima ambao kinga ya miili yao imeshuka.

Dawa hiyo ni nistatini. Wachache kati ya wanaoinunua wanajua kwamba jina hilo limetokana na Jimbo la New York nchini Marekani, na wachache zaidi wanajua kwamba iligunduliwa na wanawake wawili, watumishi wa idara ya afya ya jimbo hilo. Mmoja alikuwa mkemia, Dk. Rachel Fuller Brown. Mwingine, ambaye ndiye aliyeanzisha msako wenyewe, alikuwa mtaalamu wa vimelea, Dk. Elizabeth Lee Hazen, aliyekuwa na umri wa miaka 63.

Kabla yao hapakuwa na dawa iliyoweza kuwaua fangasi wa ndani ya mwili wa binadamu bila kumdhuru binadamu mwenyewe kwa kiasi kisichovumilika. Walipomaliza kazi hiyo, na fedha zilipoanza kumiminika kwa mamilioni, wote wawili walikataa kuchukua hata senti moja.

Mtoto wa wakulima wa pamba

Elizabeth Hazen alizaliwa Agosti 24, 1885 katika kijiji cha Rich, wilaya ya Coahoma, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Wazazi wake, William na Maggie Hazen, walikuwa wakulima wa pamba. Wote wawili walifariki dunia kabla binti yao hajatimiza miaka minne, na malezi yake yakaangukia kwa ami yake, Robert Hazen, na mkewe Laura, waliokuwa wakiishi Lula, kijiji kingine cha wilaya hiyohiyo.

Kwa binti wa kijijini katika Mississippi ya zama hizo, njia ya elimu ya juu ilikuwa nyembamba. Bahati yake ni kwamba jimbo hilo lilikuwa limeanzisha mjini Columbus, mwaka 1884, chuo cha umma kwa ajili ya wanawake peke yao, cha kwanza cha aina yake kugharamiwa na jimbo nchini Marekani. Huko ndiko alikohitimu shahada ya kwanza ya sayansi mwaka 1910. Kisha akawa mwalimu wa fizikia na biolojia katika shule ya sekondari mjini Jackson, makao makuu ya jimbo, kwa miaka kadhaa, huku likizo za kiangazi akizitumia kuhudhuria masomo katika vyuo vikuu vya Tennessee na Virginia.

Hakuridhika na ualimu. Alifunga safari ya kaskazini hadi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwaka 1917 akatunukiwa shahada ya uzamili katika elimu ya bakteria. Ulikuwa mwaka ambao Marekani iliingia katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na jeshi lilihitaji watu wa maabara. Bi. Hazen akafanya kazi katika maabara za kambi za jeshi huko Alabama na New York, na vita ilipokwisha akawa naibu mkuu wa maabara ya hospitali moja mjini Fairmont, jimbo la West Virginia. Alirejea Columbia baadaye na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1927, akiwa tayari amevuka miaka 40. Wanawake wenye shahada hiyo katika fani ya tiba walikuwa wachache wakati huo.

Mwaka 1931 aliajiriwa na Idara ya Afya ya Jimbo la New York kusimamia maabara ya uchunguzi wa bakteria katika tawi la Jiji la New York. Kazi yenyewe ilifanana na upelelezi. Alifuatilia mlipuko wa kimeta hadi kwenye kiwanda cha brashi, akatafuta chanzo cha ugonjwa wa tularemia katika jimbo hilo, na akashiriki kubaini kwamba vifo fulani vya sumu ya chakula vilitokana na samaki wa makopo walioharibika, walioingizwa kutoka nje ya nchi.

Fangasi wasiojulikana majina

Mwaka 1944 mkuu wa maabara za jimbo, Dk. Augustus Wadsworth, alimteua Dk. Hazen kuongoza uchunguzi wa magonjwa yatokanayo na fangasi. Umri wake ulikuwa miaka 58, na alikuwa mtaalamu wa bakteria. Kuhusu fangasi alikuwa na mengi ya kujifunza.

Uteuzi huo ulikuwa na sababu nzito. Penisilini ilikuwa imeanza kutumika, na streptomisini ilikuwa imegunduliwa mwaka mmoja kabla. Dawa hizo ziliwaokoa watu waliokuwa wakifa kwa nimonia na vidonda vilivyooza. Lakini mwilini mwa binadamu, hasa kinywani, tumboni na ukeni, huishi pia fangasi wa jamii ya hamira anayeitwa Candida albicans, ambaye kwa kawaida hana madhara kwa sababu bakteria waliomzunguka humbana asipate nafasi. Dawa inapowafagia bakteria, fangasi huyo hubaki na uwanja mtupu. Madaktari wakaanza kuona wagonjwa waliopona ugonjwa wa kwanza wakishikwa na wa pili ambao penisilini haikuweza kuugusa hata kidogo.

Ilikuwapo na hamira nyingine ya hatari zaidi, Cryptococcus neoformans, ambayo huingia kwa njia ya mapafu na kushambulia utando unaofunika ubongo. Mgonjwa wa namna hiyo alikuwa akisubiri kifo tu.

Tatizo la kwanza halikuwa dawa, bali utambuzi. Sampuli za makohozi, usaha na magamba ya ngozi zilipofikishwa maabara, hapakuwa na watu wa kutosha wenye uwezo wa kusema ni fangasi gani aliyemo. Dk. Hazen akarudi shule kwa mara nyingine. Alikwenda katika maabara ya fangasi ya Chuo Kikuu cha Columbia, kwa Dk. Rhoda Benham, mwanamke mwenzake aliyekuwa miongoni mwa wabobezi wa kwanza wa fani hiyo nchini Marekani, akajifunza namna ya kuwaotesha, kuwatazama kwa hadubini na kuwatofautisha. Taratibu akajikusanyia hazina ya fangasi hai waliotoka kwa wagonjwa, kila mmoja akiwa amebainishwa kwa jina lake.

Inafaa kuisisitiza hatua hii, kwa kuwa simulizi nyingi kuhusu mwanamke huyu hukimbilia shambani na kuipuuza. Bila fangasi waliotambuliwa kwa uhakika asingekuwa na kitu cha kuzijaribia dawa zake.

Vifurushi vya posta

Streptomisini ilikuwa imetoka kwenye udongo, kwa vimelea wadogo wanaoishi humo na kutengeneza sumu za kupigana na majirani zao. Dk. Hazen akafikiri kwamba, kama udongo una sumu za kuua bakteria, huenda una za kuua fangasi pia. Alianza kukusanya udongo kutoka sehemu mbalimbali, akaotesha vimelea waliokuwamo na kuwapambanisha, mmoja baada ya mwingine, na Candida na Cryptococcus katika maabara.

Aliyeonekana kuwa na nguvu alihitaji kuchunguzwa na mkemia ili sumu yake itengwe. Ndipo mwaka 1948 alipounganishwa na Dk. Brown, aliyekuwa katika maabara kuu ya idara hiyohiyo mjini Albany, umbali wa kilomita zipatazo 240 kutoka Jiji la New York. Dk. Brown alizaliwa mwaka 1898 mjini Springfield, Massachusetts, na alikuwa amejijengea sifa katika utafiti wa chanjo na dawa za nimonia, na katika vipimo vya kaswende.

Mawasiliano yao yalitegemea posta. Dk. Hazen alifunga vimelea wake katika mitungi ya kioo, ile ambayo Wamarekani huhifadhia matunda na mboga, na kuituma Albany. Dk. Brown alikamua kilichomo kwa kutumia vimiminika mbalimbali vya kikemia, akatenga sehemu iliyoonekana kuwa na nguvu, akairudisha New York kwa posta. Dk. Hazen aliijaribu tena kwa fangasi walewale wawili. Ikifaulu, ilijaribiwa kwa wanyama.

Hapo ndipo matumaini yalipokuwa yakifia. Karibu kila kilichoua fangasi kilimuua na mnyama pia. Sababu yake haikuwa fumbo kubwa. Bakteria ni kiumbe wa mbali sana na sisi, hivyo ni rahisi kupata sumu ya kumwangamiza yeye peke yake. Fangasi, pamoja na udogo wake, ana chembe hai inayofanana mno na ya mnyama.

Mwaka huohuo wa 1948 Dk. Hazen aliwatembelea rafiki zake, familia ya Nourse, shambani kwao katika wilaya ya Fauquier, jimbo la Virginia, akachota udongo. Ndani yake alikuwamo kimelea ambaye hakuwahi kuelezwa na mwanasayansi yeyote. Kimelea huyo alitengeneza sumu mbili. Moja ilimuua Cryptococcus peke yake na ilikuwa kali mno kwa wanyama. Ikabainika kuwa ni kitu kilichokwisha kujulikana. Nyingine iliwaua fangasi wote wawili, na wanyama wakaivumilia.

Kimelea alipewa jina la Streptomyces noursei, kwa heshima ya mwenye shamba. Matokeo yalitangazwa mwaka 1950 katika mkutano wa kanda wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani uliofanyika mjini Schenectady, New York. Dawa iliitwa kwanza fungisidini, lakini ikaonekana kwamba jina hilo lilikwisha kutumiwa na wengine, ndipo ikaitwa nistatini. Kwa hiyo mwenye shamba alipata kumbukumbu na jimbo likapata kumbukumbu. Majina ya wanawake wawili waliohangaika na mitungi hayamo popote kwenye kichupa.

Mamilioni yaliyokataliwa

Kampuni ya dawa ya Squibb ilipata leseni ya kuitengeneza kwa wingi, na mwaka 1954 ikaanza kuuzwa nchini Marekani. Hataza ilitolewa Juni 25, 1957.

Mrabaha uliopatikana katika miaka ambayo hataza hiyo ilikuwa hai ulifikia dola milioni 13.4 za Marekani. Dk. Hazen na Dk. Brown waliishi kwa mishahara ya serikali. Kwa makubaliano yao, fedha zote zilipelekwa kwa shirika lisilo la kibiashara liitwalo Research Corporation. Nusu ilitumika kugharamia utafiti wa kisayansi kwa jumla, na nusu ikaingia katika mfuko uliobeba majina yao, ambao uligharamia utafiti na mafunzo. Kwa miaka mingi mfuko huo ulikuwa chanzo kikubwa kuliko vyote, nje ya serikali kuu, cha fedha za utafiti na mafunzo ya magonjwa ya fangasi nchini Marekani. Kuna wataalamu waliosomeshwa nao ambao hawakupata kuwaona wafadhili wao.

Dawa yenyewe ilipata matumizi ambayo hayakufikiriwa. Miti ya elmu iliyokuwa ikinyauka kwa ugonjwa wa fangasi ilitibiwa nayo. Na baada ya mafuriko makubwa ya Novemba 1966 katika mji wa Florence, Italia, ilitumika kuzuia ukungu usile kazi za sanaa zilizolowa maji na matope.

Mahali nistatini isipofika

Nistatini ina mpaka, na Dk. Hazen aliishi kuuona. Hufanya kazi kwa kung'ang'ania mafuta maalumu yanayoitwa ergosteroli, yaliyomo kwenye ukuta laini wa chembe ya fangasi, na kuutoboa hadi vilivyomo ndani vivuje. Ikipakwa kwenye ngozi au ikimezwa, haivuki kuingia katika damu. Ndiyo maana ni salama kwa mtoto mchanga. Lakini ikidungwa kwenye mshipa ni sumu.

Maana yake ni kwamba mgonjwa ambaye Candida ameingia katika mkondo wa damu yake hakuweza kuokolewa nayo. Mwaka 1955 watafiti wa Squibb walitangaza dawa nyingine ya ukoo huohuo, amfoterisini B, kutoka kwa kimelea aliyepatikana katika udongo wa Venezuela karibu na mto Orinoco. Hiyo iliweza kudungwa kwenye mshipa, ingawa iliumiza figo na kuleta homa na baridi kali. Kwa miongo kadhaa ndiyo iliyokuwa tegemeo kuu.

Mgonjwa wa aina hii hadi leo ni yule aliyelazwa kwa muda mrefu: mtoto njiti, mgonjwa wa saratani, mtu aliyepasuliwa tumbo, au aliyewekewa mrija mshipani kwa siku nyingi. Ana homa isiyosikia dawa za bakteria. Damu yake huchukuliwa na kuwekwa katika chupa zenye chakula cha vimelea, kisha husubiriwa siku moja, mbili au zaidi. Kipimo hicho hukosa kuwaona fangasi katika takriban nusu ya wagonjwa ambao wamevamiwa mwilini. Wakiota, mtaalamu huona kwa hadubini chembe za mviringo zinazochipua. Huzihamishia kwenye sahani yenye chakula kilichobuniwa na daktari Mfaransa Raymond Sabouraud, na huchukua kidogo na kuchanganya na majimaji ya damu ya binadamu katika joto la nyuzi 37. Baada ya saa mbili au tatu, Candida albicans huchomoza kijimrija. Wengi wa ndugu zake hawafanyi hivyo.

Jina hilo ndilo linaloamua dawa. Candida krusei, kwa mfano, kwa maumbile yake haisikii flukonazoli, kidonge cha fangasi ambacho ndicho cha kawaida katika maduka ya dawa ya kwetu. Candida glabrata mara nyingi huhitaji dozi kubwa au dawa nyingine kabisa. Baada ya jina, fangasi huwekwa pamoja na dawa kwa viwango vinavyopungua hatua kwa hatua, ili kuona ni kiwango gani kidogo kabisa kinachomzuia asiote. Ni mtihani uleule wa Dk. Hazen na mitungi yake, ila sasa anayetafutiwa jibu ni mgonjwa mmoja aliye kitandani. Kwa muda mrefu kila maabara ilipima kwa namna yake na majibu yakagongana. Ilipofika mwaka 1997 ndipo Marekani ilipotoa mwongozo rasmi wa kipimo hicho kwa hamira.

Suala hili halipo mbali nasi. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walieleza fangasi mpya, Candida auris, aliyepatikana katika sikio la mgonjwa. Mara nyingi haisikii flukonazoli, husambaa kutoka kitanda hadi kitanda, na mashine nyingi za maabara zilikuwa zikiipa jina lisilo lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu hospitali moja ya Nairobi ulionyesha kuwa kati ya mwaka 2010 na 2016 fangasi huyo ndiye aliyeongoza miongoni mwa hamira walioonekana katika damu ya wagonjwa wa hapo, akiwa na zaidi ya theluthi moja. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya fangasi wanaohitaji kupewa kipaumbele. Katika kundi la hatari kubwa kabisa wamo Candida auris na wale wawili wa Dk. Hazen, Candida albicans na Cryptococcus neoformans.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1955, wakati nistatini ikianza kuenea, Dk. Hazen alichapisha pamoja na Frank Curtis Reed kitabu cha maabara kilichorahisisha utambuzi wa fangasi wanaoleta magonjwa. Kilikusudiwa kwa wale mafundi wa maabara ambao, kama yeye mwaka 1944, waliletewa sampuli wasiyoijua jina. Pengine ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi alikoweka moyo wake: mtu aliyekwisha kugundua dawa angeweza kuacha kazi ya sahani na hadubini kwa vijana.

Mwaka 1958 alihamia Albany, ambako pia alifundisha katika chuo cha tiba, na miaka miwili baadaye akastaafu utumishi wa jimbo. Hakwenda kupumzika. Alirudi katika maabara ya fangasi ya Chuo Kikuu cha Columbia kama mtafiti mgeni, akafanya kazi huko akiwa na zaidi ya miaka 75. Hakuolewa. Yeye na Dk. Brown walibaki marafiki na washirika, na waliwahi kugundua viuavijasumu vingine viwili ambavyo havikupata umaarufu wa kile cha kwanza.

Tuzo zilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1968 wote wawili walitunukiwa shahada za heshima na vyuo vya Hobart na William Smith, New York. Mwaka 1975 walipewa Tuzo ya Waasisi wa Kemia ya taasisi ya wakemia ya Marekani, wakiwa wanawake wa kwanza kuipata.

Mwaka huohuo Dk. Hazen alikuwa Seattle, pwani ya magharibi, alikokwenda kuwa karibu na dada yake aliyekuwa mgonjwa. Afya yake mwenyewe ikadhoofu akiwa huko, na akafariki dunia Juni 24, 1975, miezi miwili kabla ya kutimiza miaka 90. Dk. Brown alimfuata Januari 14, 1980. Mwaka 1994 majina yao yaliingizwa pamoja katika Ukumbi wa Taifa wa Wavumbuzi wa Marekani, ambamo hadi wakati huo alikuwamo mwanamke mmoja tu, Gertrude Elion, aliyeingizwa mwaka 1991.